Esheki kwenye Daraja la Kashuga

Harufu ya pareto iliyokaushwa ikishaingia puani hukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Ni harufu kavu, chungu kidogo, ya maua meupe yaliyopitishwa juu ya joto mpaka yakawa mepesi kama makapi. Asubuhi niliyoondoka nyumbani ilikuwa imetanda kilimani kwetu kote, maana upepo ulitoka upande wa shamba la Mzungu, nami nilikuwa nimeambiwa na baba kwamba kuanzia wiki iliyofuata ningekuwa mchumaji wa maua hayo. Hii ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, katika vilima vya Masisi, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Sikuamka na mpango wa kutoroka. Niliamka kwenda kuteka maji. Nilipofika njia panda niliegemeza mtungi kwenye shina la mkaratusi, nikaukingia jiwe usibingirike, halafu miguu ikachukua njia ya kuteremka badala ya ile ya kisimani. Umande ulikuwa baridi kwenye vidole, ng'ombe walikuwa wakikohoa ndani ya ukungu, na mfukoni mlikuwa na viazi vitamu vya jana. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hiyo ndiyo iliyokuwa mzigo wangu.

Kisa cha kuondoka kilikuwa neno moja la Kifaransa. Katika shule ya misheni niliyosoma, mwisho wa mwaka mwalimu alitusimamisha mstari uwanjani mbele ya wazazi, akatuita mmoja mmoja. Aliyefaulu alibaki mstarini. Aliyeanguka alisikia jina lake, kisha neno hilo moja, échec, ambalo sisi tulilitamka esheki. Ukilisikia unatoka mstarini, unachukua kibao chako cha kuandikia, unakwenda zako nyumbani. Hakuna swali wala hakuna kesho. Mimi nililisikia kwa sababu ya imla, ambayo masikio yangu yaliipenda na mkono wangu ukaikataa. Nilipita mbele ya baba, naye akatazama viatu vyake vya Jumapili. Baba alikuwa mkulima wa maharagwe, Mkristo wa kuamka kabla ya kengele, na hakunipiga. Alinyamaza siku kadhaa, kisha akaenda kuniombea kazi ya pareto. Ningependelea kipigo, maana kipigo huisha.

Nilitembea mchana kutwa. Waliokutana nami waliniuliza ninakwenda wapi, na mimi niliwajibu kwa kuwauliza kuna nini mbele. Tangu utotoni nikiulizwa huuliza. Jua lilipoanza kulegea niliteremka kwenye bonde karibu na Kashuga, nikakuta barabara imekatika. Mvua ilikuwa imebeba daraja la magogo. Kando ya mto lilisimama lori, kamio kwa lugha ya kwetu, la chumvi na mabati, limezama matope hadi nusu ya magurudumu, na watu wa barabara walikuwa wakiburuta gogo kwa kamba huku wakiitikiana. Mkubwa wao, mtu mfupi mwenye koti la kijeshi lililopauka, aliniuliza ninakwenda wapi. Nikasema sijui.

"Kama haujui kwenye unaenda," akasema, "basi umefika. Beba jiwe."

Huyo alikuwa Papa Zakaria, kapita wa barabara. Wakati wa vita vya Wazungu alikuwa askari, akapelekwa hadi Misri, na alichorudi nacho kilikuwa koti lile, kikohozi, na mchezo aliofundishwa akiwa kitandani hospitalini. Mkewe, Mama Adela, alitupikia sote ugali wa muhogo na maharagwe, akanionyesha pa kulala katika kibanda cha vifaa, kati ya sururu na vikapu vya changarawe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; kwangu jembe lilikuja kabla ya uji. Dereva wa lori, Leonidas, mtu wa Bukavu, alikuwa mrefu, mwenye kofia ya ngozi na mdomo usiojua likizo. Alingoja daraja kama sote. Kila mvua iliposimamisha kazi, yeye na kapita walikaa chini ya turubai lililofungwa ubavuni mwa lori, wakaweka katikati yao ubao wa miraba myeupe na myeusi. Vitabu vya Kiswahili huuita mchezo huo sataranji. Wao waliuita kwa Kifaransa, na mara ya kwanza kusikia jina lake nilidhani wananicheka: mchezo wa esheki. Niliona ajabu, watu wazima wenye ndevu kukaa chini kushindana nani ataanguka mtihani.

Vipande vya mchezo Papa Zakaria alikuwa amevichonga mwenyewe, vya upande mmoja kwa mti mweupe, vya pili akavipaka masizi na mafuta. Mfalme alimwita mwami. Malkia alimwita Mama, na nilishangaa kuona Mama ndiye anayekwenda kila upande, mbali kadiri apendavyo, wakati mwami anajikokota mraba mmoja mmoja. Nikauliza kwa nini. Mama Adela, aliyekuwa akipepeta maharagwe karibu yetu, alijibu kabla mumewe hajafungua kinywa. "Nani anatafuta kuni? Nani anaenda kisima, nani anaenda soko? Mwami yeye anakaa tu, banamuchunga." Minara ilikwenda moja kwa moja, mbele ao pembeni, kama barabara ya serikali. Kipande ambacho Wafaransa hukiita kichaa kilikwenda mshazari, na kichaa wa miraba myeupe hakukanyaga mweusi hata mara moja maishani mwake. Wale wadogo waliojipanga mbele walikuwa wapagazi. Farasi ndiye aliyeleta taabu. Kapita alikuwa amewaona farasi Misri, lakini mkono wake ulijua ng'ombe peke yake, kwa hiyo kipande kile kilikuwa na pembe. Mwendo wake ulinishinda mpaka aliponiambia nimfikirie ng'ombe wa jirani: anatembea hatua mbili njiani kama mwenye adabu, kisha ghafla anageuka hatua moja pembeni, ndani ya maharagwe ya watu, na ukimwekea ua anauruka. Mtoto wa mkulima wa maharagwe hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Maswali yangu yaliwachosha, na mimi sikuchoka. Kwa nini mpagazi anatembea mbele lakini anapiga mshazari? Kwa sababu ana mzigo kichwani, alisema kapita. Aliye mbele yake kabisa hamwoni vizuri, bali wa pembeni anaweza kumchapa kwa fimbo. Kwa nini harudi nyuma? Umewahi kuona mpagazi wa serikali akirudi nyuma? Na akifika mwisho wa ubao? Hapo anatua mzigo na kuwa mkubwa, hata Mama akitaka. Nilipenda jibu hilo kuliko yote. Siku moja nilimrusha mpagazi wangu miraba miwili, kama anavyoruhusiwa anapotoka nyumbani, nikampitisha kando ya mpagazi wa Leonidas. Naye akamkamata kana kwamba nilisogea mmoja tu. Nikapiga kelele kwamba ni wizi. Leonidas akanikumbusha vizuizi vya mvua, yale magogo yanayowekwa barabarani ili malori yasipite kwenye matope. Ukikimbia kumpita mlinzi, ana haki ya kukushika palepale, lakini ashike mara hiyo hiyo. Akiacha upite, asikutafute kesho. Na mwami kwenda miraba miwili kuingia bomani, mnara ukamruka na kusimama upande wake wa pili? Ni halali mara moja, kama hakuna kipande kati yao, kama wote wawili hawajasogea, na kama mwami hashambuliwi wala hapiti wala hatui mahali panaposhambuliwa. "Mwami mwenye watu walisha kumuona anakimbia," alisema kapita, "hawezi tena kujifanya alikuwa anatembea."

Kosa langu la kwanza liliwafurahisha. Nyumbani tulicheza kisoro, mchezo wa mashimo na mbegu, ambamo mbegu unazomkamata mwenzako unazipanda upande wako. Kwa hiyo nilipomkamata mpagazi mweusi wa Leonidas nilimsimamisha kwenye mstari wangu, tayari kunitumikia. Leonidas alicheka hadi kofia ikamdondoka. Akaniambia kwamba hapa hakuna kumchukua mtumwa. Anayekamatwa anatoka ubaoni, analala kwenye majani, anasubiri vita vingine. Kosa la pili halikumfurahisha mtu. Nilikuwa nikicheza mchezo wangu mzima wa kwanza, nimejaa ushujaa, nimemtoa Mama mapema akatembee peke yake kati ya maadui. Leonidas alisogeza kichaa wake, akanitazama, akasema, "Esheki."

Nikasimama. Nilipangusa udongo kwenye kaptula, nikashika barabara. Wao walidhani nimekwenda haja. Mvua ilikuwa ikinyunya, nami nilikuwa nimeshavuka mabanda nilipomsikia Papa Zakaria akinifuata huku akikohoa. Aliniuliza nani amenikosea. Nikasema hakuna, nimesikia neno. Alichukua muda kuelewa. Alipoelewa hakucheka; alinishika bega akanirudisha chini ya turubai, akanikalisha mbele ya ubao ambao haukuwa umeguswa.

"Esheki njo kugonga mulango," alisema. "Muntu anakugongea mulango, wewe unatoka kwa dirisha unakimbia? Angalia kwanza nani anagonga."

Kisha akanionyesha kwamba neno lile, katika mchezo huu, halimfukuzi mtu, linamdai jibu. Mwami ameshambuliwa, na huruhusiwi kufanya jambo lingine lolote mpaka umjibu anayegonga. Majibu ni matatu: mwami akimbie aende penye usalama, ao uweke mtu katikati azibe njia, ao umkamate yule anayeshambulia. Ukikosa yote matatu ndipo mchezo umekwisha, na hata hapo mwami hauawi wala haondolewi ubaoni. Hilo halikunishangaza. Kwetu pia mtu hatamki kwamba mwami amekufa. Nilitazama ubao upya. Mpagazi wangu mmoja angeweza kusogea na kuziba njia ya kichaa. Nilimsogeza. Leonidas akaguna, mchezo ukaendelea, na kichwani mwangu kitu kizito kikahama mahali pake. Nilishindwa siku ile, na siku zilizofuata pia, lakini sikusimama tena.

Wakati daraja likijengwa, gogo kwa gogo, nami nilijengwa hivyo hivyo. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kapita alinifundisha kwamba kabla ya kufikiria ninachotaka mimi, niulize mwenzangu anataka nini. Kila anaposogeza kitu kuna sababu, na asiyeitafuta sababu hiyo analala na nyoka. Alinifundisha kuwatoa ng'ombe na vichaa mapema, si kumchosha Mama peke yake, maana Mama akitoka mapema kila mtoto wa jirani humtupia jiwe na kazi yake inakuwa kukimbia. Alinifundisha kushika miraba ya katikati. Aliyeshika daraja, alisema, anajua nani atavuka na nani atalala ng'ambo. Leonidas alinifundisha kwa njia yake, yaani kwa kunipiga na kunitania. Aliniita Monsieur Esheki. Siku nilipomnyang'anya mnara kwa ng'ombe aliyeruka ua, aliliangalia bonde kwa muda mrefu akasema ng'ombe wa Masisi hawana malezi.

Kati ya utani wake yeye ndiye aliyelileta jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alisema huko anakokwenda, Walikale, kupitia Pinga na msitu, kuna gereji ya malori ya mgodi wa bati, na fundi wa pale huwachukua watoto wenye macho mepesi wa kumshikia spana, bila kuwauliza walifika darasa gani. Moyo wangu uliruka ua kama ng'ombe. Lakini habari hupanda kilimani na wabeba maziwa, na zangu zilikuwa zimepanda. Mbao za mwisho zilipokuwa zikipigiliwa, baba alitokea kwenye kona ya barabara, amevaa koti lake la kazi, fimbo mkononi. Mahali pangu shambani kwa Mzungu palikuwa bado wazi. Alisalimiana na kila mtu mmoja mmoja, akamshukuru Mama Adela, akanywa maji. Kisha akanigeukia.

"Mutungi uliuacha vizuri," alisema. "Mama yako aliukuta haukupasuka."

Nilitamani kujificha chini ya lori. Leonidas akaeleza habari za gereji. Baba alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, halafu akasema mtoto aliyeshindwa shule atashindwa na gereji, kisha atakuwa ameshindwa mbali na nyumbani, ambako hakuna wa kumpa chakula. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya udongo. Kapita alikohoa, akasema huyu mtoto alipofika alikuwa anakimbia akisikia neno moja, na siku hizi hakimbii. Baba akauliza nani atathibitisha. Hapo Leonidas akafungua turubai na kuweka ubao.

"Papa, kaa uone," alimwambia baba. "Sisemi anishinde, hawezi. Nasema asisimame mbele ya mwisho. Akisimama, panda naye kilima. Akikaa mupaka mwisho, unipe yeye."

Baba alitazama vile vipande, yule ng'ombe mwenye pembe, yule mwami. Alikuwa mchezaji wa kisoro wa kuogopwa na aliheshimu ubao wowote. Akakaa juu ya gunia la chumvi, akaweka fimbo magotini, akasema sawa.

Sijapata kucheza tena mchezo mrefu kama ule. Leonidas alijua udhaifu wangu na hakunionea huruma: aliligonga neno lile kama mtu mwenye nyundo. Esheki, akasema, nami nikaziba. Esheki, nikakimbiza mwami. Esheki, nikamkamata kichaa wake aliyejisogeza karibu mno, na watu wa barabara, waliokuwa wameacha nyundo zao, wakashangilia mpaka kapita akawanyamazisha. Kila neno lilipotoka nilimwona baba kwa pembe ya jicho akiinua kichwa, akingoja miguu yangu inyanyuke kama siku ile uwanjani. Niliikunja chini yangu nikaikalia. Niliona pia jambo ambalo Leonidas, kwa kupenda kelele, alilisahau: esheki nyingi si ushindi. Kila mara alipogonga bila kuwa na la kufanya mlango ukifunguliwa, alinipa nafasi ya kusogea penye nafuu zaidi. Hata hivyo alikuwa na nguvu kuliko mimi. Minara yangu ilikwenda majanini, ng'ombe wangu wakafuata, Mama wangu akaanguka akichukua Mama mwenzake, na mpagazi mmoja wa Leonidas akatembea hadi mwisho wa ubao akatua mzigo, akawa Mama mpya. Nilibaki na mwami peke yake, amekimbilia pembeni kabisa, kwenye kona.

Nadhani Leonidas alichoka kusikia neno lake likijibiwa. Badala ya kugonga tena, aliamua afunge kwanza milango yote kimyakimya, ili neno la mwisho litoke mara moja na baba alisikie vizuri. Akamsogeza Mama wake taratibu, akamweka umbali wa mruko mmoja wa ng'ombe kutoka kwa mwami wangu, akakunja mikono. Nilitafuta pa kwenda. Mraba wa kushoto, Mama aliuona. Wa mbele, aliuona. Wa mshazari, aliuona. Sikuwa na mpagazi hata mmoja wa kusogeza. Nilijua ni mwisho, na nilijua mwisho una neno lake, kwa hiyo nilingoja lisemwe. Halikusemwa. Mvua iligonga turubai. Nikainua macho.

"Papa Leonidas, sema."

"Niseme nini?"

"Esheki. Sina pa kwenda. Sema, nisikie."

Alifungua kinywa, akatazama ubao, akaanza kufuata vipande vyake kimoja kimoja. Hakuna kipande chake hata kimoja kilichokuwa kikimgonga mwami wangu. Alikuwa amefunga kila mlango wa jirani, lakini mlango wangu mwenyewe hakuugusa. Papa Zakaria alianza kucheka kwa mabega, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamtoa machozi. Leonidas alisema ni ushindi wake, kila mtu anaona, mtoto hana hata nyasi. Kapita akatikisa kichwa. Alisema hata Misri ilikuwa hivyo, na hata mbinguni itakuwa hivyo.

"Kama zamu ni yako, hauna pa kwenda, na hakuna mwenye anakupiga, haujashindwa. Njo banaita pat. Kamio imekwama. Hakuna mwenye ameshinda."

Nilikuwa bado nimekaa. Baba aliinama juu ya ubao akachunguza kona ile kwa muda mrefu, akifuata kwa kidole, bila kugusa, kila njia ya Mama mweusi. Katika kisoro lazima mmoja alale njaa. Jambo hili la kukwama wote wawili alikuwa hajaliona. Mwishowe akaniuliza, mimi, si wao, nyumbani atasema nini: nimeshinda ao nimeshindwa?

"Uwaambie imekwama, baba."

Aliinuka, akavua koti lake, akanitupia. "Kamio ikikwama," alisema, "banaisukuma."

Na kweli lori lilikuwa bado limezama kwenye matope. Daraja lilikuwa tayari, Leonidas akapanda kuwasha injini, watu wa barabara wakajipanga nyuma, na katikati yao baba, katika shati lake la kazi, mabega yake yameegemea mbao za lori lililokuwa likinichukua. Walisukuma wakiitikiana. Gurudumu lilizunguka, likawatapikia matope, likashika mawe, mengine niliyobeba mimi, likapanda. Nilikaa juu ya magunia nimevaa koti linalofika magotini. Nilipogeuka baada ya daraja, baba alikuwa akijipangusa uso kwa kiwiko na Mama Adela akimpa maji. Hakupunga mkono. Sisi hatukuwa watu wa kupunga.

Tangu hapo nimelala katika nyumba nyingi na sikudumu katika hata moja. Gereji ilinifundisha injini, na injini ikanipa sababu ya kuondoka. Pinga, ambako lori la Leonidas lilipita likinguruma kama mnyama, siku hizi watu hufika kwa pikipiki, na nimewaona vijana wakicheza sataranji kwenye simu. Simu haisemi neno. Hupaka tu mraba wa mwami rangi nyekundu, na mtoto hujibu kwa kidole bila kushtuka. Namwonea wivu. Shuleni neno bado ni lile lile na bado watoto hutoka mstarini, ila siku hizi si kila mmoja ana baba wa kumfuata barabarani. Miaka hii ya uzee nilipita tena Kashuga. Karibu na palipokuwa na kibanda cha vifaa palikuwa na mahema ya watu waliokimbia vijiji vyao, turubai hadi turubai. Nilichora ubao kwenye karatasi ya boksi, tukatumia vizibo vya chupa, na watoto wakauliza maswali yale yale: kwa nini mpagazi harudi nyuma, kwa nini mwami haruki. Niliwaonyesha hata pat. Lakini neno la Papa Zakaria, kwamba aliyekosa pa kwenda hajashindwa, sikuthubutu kuwaambia wazazi wao waliosimama nyuma wakitazama. Lina sharti lake, kwamba asiwepo anayekupiga, na wao walikuwa wamepigwa. Niliwafundisha tu kujibu mlango. Kwa yule aliye kwenye mahema hilo linaweza kuwa dogo. Mimi lilinitosha kuanzia.

Na sijasema nililala wapi. Lori lilifika Walikale jioni, joto la msitu limetuangukia kama blanketi lililolowa, hewa imejaa harufu ya mawese. Gereji ilikuwa imefungwa. Leonidas alikwenda kwa ndugu zake, akanionyesha nyumba ya mjane mmoja, muuza ndizi, kwamba huenda akanipokea. Nilibisha hodi. Mama yule alinitazama, koti na miguu, akasema nyumba imejaa. Nilisikia neno lile kichwani, wazi kabisa, na miguu ikaanza kugeuka. Nikaizuia. Nikamuuliza kama jikoni nako kumejaa. Akasema jikoni wanalala mbuzi. Nikamuuliza mbuzi wanalala upande gani.

Akacheka, akajiegemeza mlangoni. "Wewe mutoto, unauliza kama polisi. Banalala upande wa mulango."

"Basi upande wa kuni iko wazi, Mama."

Akasogea kando kunipisha. Nilikunja koti la baba, ambalo bado lilinuka pareto, nikaliweka juu ya kuni, nikakaa.